Kimbunga Katrina darasani: vyanzo vya mtandaoni vya kutegemea

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja wilayani Kilwa. Kwenye mada ya majanga ya asili nataka wanafunzi wasome kimbunga kimoja kikubwa kwa undani. Nimechagua Katrina cha Marekani, maana kitabu chetu kinakitaja kwa aya moja na kuishia hapo. Mtandaoni nimekuta kurasa nyingi mno. Takwimu zinapingana, na video nyingi zinatisha kuliko zinavyofundisha. Shule ina projekta moja, kompyuta mbili, na intaneti ni bando la simu yangu. Vipindi ni vinne. Nianzie wapi? Na je, ni sawa kuwapeleka watoto hawa Marekani wakati kimbunga Hidaya kilipita hapa kwetu mwaka 2024?

Jibu

Mwalimu, kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika ubaoni swali moja ambalo vipindi vyote vinne vitalijibu. Mimi ningeandika hili: Kwa nini New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana, ilizama, ilhali kimbunga kilikuwa kimeshapungua nguvu kabla ya kugusa nchi kavu na jicho lake lilipita mashariki ya mji? Swali likishakaa ubaoni mtajua chanzo kipi kinawafaa na kipi kinamaliza bando bure. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona masomo mengi ya Katrina yakigeuka kuwa maonyesho ya picha: mapaa yaliyong'oka, watu wanaopunga mikono kwa helikopta, na kengele inalia. Mwanafunzi anatoka akijua kwamba upepo mkali ni hatari, jambo alilolijua tangu nyumbani kwao.

Chanzo cha kwanza, ambacho hata ukikosa vingine vyote kitakufikisha mbali, ni ripoti ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani. Kituo hicho kiko Miami na huandika ripoti ya kila kimbunga cha Atlantiki. Ingia nhc.noaa.gov, tafuta kumbukumbu za ripoti za vimbunga, chagua mwaka 2005, kisha Katrina. Jina la faili linaanza na AL122005, yaani mfumo wa 12 wa Atlantiki kwa mwaka 2005. Ripoti ni ndefu, na lugha yake ni ya wataalamu wanaoandikiana wao kwa wao. Wewe unahitaji sehemu tatu tu: historia ya kimbunga katika kurasa za mwanzo, jedwali la kwanza, na maelezo ya vifo na hasara.

Jedwali hilo ni hazina. Kila baada ya saa 6 linaonyesha kimbunga kilikuwa latitudo na longitudo gani, mgandamizo wa hewa ulikuwa milibari ngapi, na upepo ulikuwa na kasi ya noti ngapi. Mstari wa kwanza ni wa tarehe 23 Agosti: nyuzi 23.1 kaskazini, nyuzi 75.1 magharibi, milibari 1008, noti 30. Hapo ni kusini-mashariki mwa Bahamas, na mfumo bado haujapewa jina. Tovuti hiyohiyo ina ramani tupu za Atlantiki za kuchapisha, zilizokwisha kuchorwa mistari ya latitudo na longitudo. Toa kopi, moja kwa kila wanafunzi wawili, nakili ubaoni mistari kumi na tano hivi ya jedwali, kisha waache wachore njia ya kimbunga kwa penseli. Hicho ndicho kipindi chako cha kwanza, na hakihitaji umeme wala projekta.

Wakichora wenyewe wataona mambo ambayo ukiyasema kwa mdomo hayakai. Wataona kimbunga kinaingia Florida jioni ya tarehe 25 Agosti, mpakani mwa wilaya za Miami-Dade na Broward, kikiwa daraja la 1 tu kati ya madaraja 5 ya nguvu za vimbunga. Wataona upepo unapungua kinapokatiza nchi kavu, na watakuuliza kwa nini. Kisha wataona kinaingia Ghuba ya Meksiko, na namba zinageuka: tarehe 28 Agosti mgandamizo unashuka hadi milibari 902 na upepo unafika noti 150, karibu kilomita 280 kwa saa. Halafu, kabla hakijafika pwani ya Louisiana, kinapungua tena. Kilipogusa nchi kavu karibu na Buras asubuhi ya tarehe 29, upepo ulikuwa noti 110 na mgandamizo milibari 920. Waambie wachore kwenye karatasi ya grafu mistari miwili, wa mgandamizo na wa upepo. Mmoja unashuka mwingine unapopanda. Uhusiano huo wakiuona mara moja kwenye grafu yao wenyewe, hutauandika tena ubaoni.

Angalizo kuhusu saa na vipimo. Jedwali linatumia saa za dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Kimbunga kiligusa Buras saa 11:10 za dunia (kwa hesabu ya saa 24, si kwa saa za Kiswahili), ambazo kule zilikuwa saa 12:10 asubuhi na kwetu saa 8:10 mchana. Una zoezi zima la longitudo na majira hapo, litumie. Noti unazigeuza kuwa kilomita kwa saa kwa kuzidisha na 1.852. Jambo jingine: tangu 2025 taasisi za serikali ya Marekani zimekuwa zikiita ghuba hiyo Ghuba ya Amerika, wakati ripoti za 2005 zinasema Ghuba ya Meksiko. Wanafunzi wakikuta majina mawili, wajue ni maji yaleyale.

Kueleza kwa nini kimbunga kilinenepa ghafla ndani ya ghuba, tumia picha za rangi za joto la bahari. Idara ya NASA inayotengeneza taswira za kisayansi, svs.gsfc.nasa.gov, ina michoro inayotembea ya msimu wa 2005 ikionyesha maji yenye joto na vimbunga vikipita juu yake. Vitabu vyetu husema kimbunga kinahitaji maji yenye nyuzijoto 26.5 au zaidi. Ni kweli, lakini haitoshi kwa Katrina. Ndani ya ghuba kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unaoingia kutoka Karibiani, na joto lake linashuka kina kirefu. Kimbunga huvuruga bahari na kupandisha maji ya chini. Kama maji hayo ni baridi, kinajinyima chakula chenyewe. Pale juu ya mkondo ule hata maji ya chini yalikuwa na joto, kwa hiyo kiliendelea kula. Pakua mchoro mmoja mfupi, usipakue yote.

Ukitaka picha halisi ya kimbunga, nenda worldview.earthdata.nasa.gov. Chagua tarehe 28 Agosti 2005, sogeza ramani hadi kwenye ghuba, na utaona jicho wazi katikati ya wingu linaloifunika sehemu kubwa ya ghuba. Tovuti hiyo ni nzito kwa simu, lakini ina kitufe cha kupiga picha ya skrini na kuihifadhi. Fanya hivyo nyumbani usiku, weka kwenye flashi. Kisha tafuta palepale picha ya kimbunga Idai, Machi 2019, karibu na Msumbiji, uiweke kando ya ile ya kwanza. Usiwaambie chochote. Waulize tofauti. Kutakuwa na mmoja atakayeona kwamba kimoja kinazunguka kinyume cha mwendo wa saa na kingine kuufuata mwendo wa saa. Hapo ndipo pa kuelezea nguvu inayotokana na dunia kujizungusha, maana sasa wana sababu ya kutaka kuijua.

Sasa tunafika penye utata wenyewe, na hapa ningekaa muda mrefu kuliko popote. Katrina, kilichogusa nchi kavu kikiwa daraja la 3 tu, kilisukuma maji ya bahari hadi mita 8.5 katika mji wa Pass Christian, jimbo la Mississippi. Ndiyo alama ya juu kabisa ya maji iliyopimwa, na imo kwenye ripoti. Mwaka 1969 kimbunga Camille, cha daraja la 5, kilipiga pwani hiyohiyo, na maji yake yalikuwa pungufu ya hapo kwa takriban mita moja. Waliopona Camille majumbani mwao walikuwa na sababu ya kuamini kwamba wangepona na Katrina. Jibu liko kwenye ukubwa. Katrina kilikuwa kipana mno, na kilikuwa kimeshaisukuma bahari kikiwa daraja la 5. Upepo ulipopungua saa za mwisho, maji yaliyokusanyika hayakupungua nao. Tena bahari ya pale ina maji mafupi yanayokwenda mbali, kwa hiyo maji yanayosukumwa hayana pa kushukia ila kupanda nchi kavu. Tangu 2010 wataalamu wa kituo kile wameondoa urefu wa maji kwenye maelezo ya madaraja, sasa daraja linapima upepo peke yake. Kurasa nyingi za zamani mtandaoni bado zina jedwali linaloambatanisha kila daraja na mita za maji. Ukikutana nalo, usilitumie.

Kipindi cha pili ni cha ardhi, na kifaa chake ni Google Earth kwenye kompyuta, ile ya kupakua, ambayo ni bure. Ipakue mahali penye intaneti nzuri. Nenda New Orleans, weka kishale juu ya mtaa wa kale wa French Quarter, kando ya mto Mississippi, kisha tazama namba ya mwinuko chini ya skrini. Sogeza kishale polepole kuelekea ziwa Pontchartrain upande wa kaskazini. Namba zinashuka hadi chini ya sifuri. Nafundisha Jiografia kwa kuamini kwamba hakuna maelezo yanayoshinda jambo hilo dogo: mwanafunzi anaona mji uliojengwa chini ya usawa wa bahari, umezungukwa na matuta ya kuzuia maji, mto upande mmoja na ziwa upande mwingine.

Na sababu yake ni ya kijiografia kabisa. Wakazi wa kwanza, karne ya 18, walijenga kwenye kingo za mto ambako mafuriko ya miaka mingi yalikuwa yamerundika udongo; hizo ni sehemu za juu. Nyuma yake kulikuwa na vinamasi. Karne ya 20 zilipofika pampu kubwa, vinamasi vikakaushwa na watu wakajenga. Udongo wa kinamasi ukikaushwa hujikunja na kudidimia, kwa hiyo kadiri walivyopampu maji ndivyo mji ulivyozidi kushuka. Mwaka 2005 French Quarter kwa sehemu kubwa haikuzama. Mitaa iliyojengwa kwenye vinamasi vya zamani ndiyo iliyomezwa. Rudisha kitelezi cha miaka cha Google Earth hadi mwisho wa Agosti 2005 utaona maji meusi barabarani mtaa kwa mtaa. Kisogeze mbele miaka 5, miaka 10, utaona kata ya Lower Ninth Ward ikiwa na viwanja vitupu vya nyasi mahali palipokuwa na nyumba zimebanana. Piga picha za skrini za miaka hiyo mahali palepale, uzihifadhi, maana siku ya kipindi intaneti inaweza kukuangusha.

Nje ya mji kuna jambo linalohusiana. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, usgs.gov, imepima kwamba pwani ya Louisiana ilipoteza takriban kilomita za mraba 4,833 za ardhi kati ya 1932 na 2016. Mto uliofungwa kwa matuta haumwagi tena tope lake kwenye delta, mifereji ya meli na ya mafuta inaingiza maji ya chumvi, na ardhi inadidimia. Taasisi hiyo ina ramani zinazoonyesha upotevu huo kwa rangi, na picha za kabla na baada za visiwa vya mchanga vya Chandeleur ambavyo Katrina kilivifyeka. Ramani moja inatosha.

Kisha kuta. Hapa vyanzo vya mtandaoni vingi vinasema tu kwamba maji yalipita juu ya matuta. Ni nusu ya ukweli. Jeshi la Wahandisi la Marekani, ambalo ndilo lililojenga kinga hizo, liliunda jopo la uchunguzi linalojulikana kwa kifupi kama IPET, na ripoti yake iko wazi kwa umma. Ina maelfu ya kurasa, usijaribu kuipakua yote. Tafuta muhtasari wake. Unachohitaji ni hiki: kuta za zege za mfereji wa 17th Street na za mfereji wa London Avenue zilianguka wakati maji hayajafika juu yake. Udongo laini wa chini uliteleza, au maji yakapenya chini ya msingi. Upande wa mashariki hali ilikuwa tofauti, huko maji yalipita juu ya matuta na kuyamomonyoa, hasa kandokando ya mfereji wa meli uliochimbwa kutoka mjini hadi ghuba. Mfereji huo ulifungwa mwaka 2009. Karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji, na kazi ya kuyapampu nje iliendelea hadi Oktoba.

Mwanafunzi akielewa tofauti hiyo, ataelewa kwa nini watu wengi wa New Orleans hawapendi Katrina kiitwe janga la asili. Mimi nakubaliana nao, na nadhani wanafunzi wa Kidato cha Tatu wana umri wa kutosha kulijadili. Wape na upande wa pili: baada ya 2005 serikali ilitumia takriban dola bilioni 14.5 kujenga kinga mpya, likiwemo lango kubwa la kuzuia bahari kwenye ziwa Borgne. Tarehe 29 Agosti 2021, miaka 16 kamili baadaye, kimbunga Ida cha daraja la 4 kiliingia Louisiana. Kinga za mji zilisimama. Umeme ulikatika kwa siku nyingi na miji ya jirani ilizama, lakini New Orleans haikumezwa na bahari.

Kipindi cha tatu kiwe cha watu. Anza na waraka mmoja. Asubuhi ya tarehe 28 Agosti ofisi ya hali ya hewa ya Slidell, karibu na New Orleans, ilitoa onyo ambalo mpaka leo linasomwa katika vyuo vya utabiri. Lilisema eneo kubwa halitakalika kwa majuma, kwamba angalau nusu ya nyumba imara zitabomoka mapaa na kuta, kwamba umeme utakatika kwa majuma na uhaba wa maji utaleta mateso makubwa. Limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama zilivyokuwa taarifa zote za wakati ule. Tafuta jina Slidell pamoja na tarehe hiyo utalipata. Lichapishe, ni ukurasa mmoja. Kiingereza chake ni chepesi na sentensi zake ni fupi, wanafunzi wako watalimudu. Asubuhi hiyohiyo meya Ray Nagin aliamuru watu wote wahame mji, saa 20 hivi kabla ya kimbunga kufika.

Waulize: onyo lilikuwa wazi, utabiri wa njia ulikuwa sahihi, mbona watu walibaki? Kisha wape takwimu za sensa ya 2000: takriban asilimia 27 ya kaya za New Orleans hazikuwa na gari, na karibu asilimia 28 ya wakazi walikuwa maskini kwa kipimo cha serikali yao. Amri ya kuhama ilimfaa mwenye gari, mwenye pesa ya mafuta na mwenye ndugu wa kumpokea huko aendako. Utafiti wa vifo vya Louisiana ulionyesha karibu nusu ya waliokufa walikuwa na miaka 75 au zaidi. Hapo darasa litanyamaza kidogo, na ni vizuri liachwe linyamaze. Takwimu za mji kabla na baada zimekusanywa vizuri na shirika la mjini humo liitwalo The Data Center, datacenterresearch.org. Idadi ya wakazi peke yake ni somo: 484,674 mwaka 2000, 343,829 mwaka 2010, na 383,997 mwaka 2020. Waache wajadili ni nani aliyerudi na ni nani aliyeshindwa kurudi.

Umelalamika kuhusu takwimu zinazopingana, na una haki. Kwa miaka mingi idadi ya vifo iliyotajwa ilikuwa 1,833, na ndiyo utakayoikuta kwenye vitabu na kurasa nyingi. Mwanzoni mwa 2023 kituo cha vimbunga kilirekebisha ripoti yake baada ya utafiti mpya na kuandika 1,392. Hasara nayo iliwahi kutajwa kuwa dola bilioni 108, sasa ni bilioni 125 kwa thamani ya dola ya 2005. Usiwafichie wanafunzi mgongano huo. Wape namba zote mbili na tarehe za nyaraka, wajue kwamba hata hesabu ya wafu inategemea ni nani anayehesabiwa: aliyezama tu, au hata mgonjwa aliyefia hospitali isiyo na umeme. Kwenye mtihani wakubalie yeyote anayetaja namba pamoja na chanzo chake.

Kuhusu picha, kuwa mwangalifu sana. Baada ya Katrina zilisambaa kwa baruapepe picha za wingu jeusi la kutisha zikidaiwa kuwa za kimbunga hicho kikikaribia pwani. Hazikuwa zake, zilikuwa za mawingu ya radi ya nyanda za kati za Marekani. Bado zinazunguka. Vivyo hivyo habari za mauaji ya halaiki ndani ya uwanja wa Superdome, walikojihifadhi maelfu ya watu: nyingi zilitangazwa siku zile na baadaye zikabainika hazina msingi. Madhara yake yalikuwa makubwa, kwa sababu watu waliokuwa wakingoja maji ya kunywa walianza kuogopwa kama wahalifu. Video zenye maiti usizionyeshe. Hazijibu swali lililoko ubaoni, na wale ni wazazi wa watu walio hai.

Kwa habari ya bando: vitu vyote nilivyovitaja vya taasisi za serikali ya Marekani havina hakimiliki ndani ya nchi yao, na desturi ni kuvitumia kwa elimu bila kuomba ruhusa, ukitaja tu vilikotoka. Picha za magazeti si hivyo. Tenga usiku mmoja wa bando, pakua ripoti, ramani tupu, mchoro wa joto la bahari, picha mbili za setilaiti, ramani ya ardhi iliyopotea na lile onyo la Slidell, weka kwenye flashi na kwenye kompyuta zote mbili. Kurasa za serikali huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo nakala yako ni bora kuliko kiungo. Wewe mwenyewe ukitaka kunoa misingi kabla ya kuingia darasani, tafuta JetStream, shule ya hali ya hewa ya mtandaoni ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Ni maandishi mepesi na michoro, haili bando.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Ndiyo, ni sawa kuwapeleka Marekani, kwa sharti kwamba kipindi cha nne kinawarudisha Kilwa. Katrina kina kumbukumbu nyingi kuliko karibu kimbunga chochote, kwa hiyo kinafaa kujifunzia mbinu. Mbinu hizo zikishakaa, ziteremsheni nyumbani. Fungua coast.noaa.gov/hurricanes, ramani ya njia za vimbunga vya dunia nzima, andika Lindi, na wanafunzi wataona jinsi vimbunga vinavyofika pwani yetu ni vichache, na kwamba si hadithi: kimoja kiliipiga Lindi Aprili 1952. Waulize kwa nini njia nyingi zinaishia Msumbiji na Madagaska. Wakumbushe zile picha mbili na nguvu ya mzunguko wa dunia inavyodhoofika karibu na ikweta.

Hidaya chenyewe kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara ya kusini, na wanafunzi wako wanajua habari hiyo kuliko mimi. Tafuta taarifa za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa za siku zile, meteo.go.tz, uziweke kando ya onyo la Slidell, walinganishe: ipi inamwambia mtu afanye nini, na kwa lugha gani. Halafu wapeni kazi waliyoifanya wataalamu baada ya Katrina, ya kutafuta alama za maji ukutani. Kila mwanafunzi aende kwa jirani mmoja na futi kamba, aulize maji yalifika wapi, apime urefu kutoka ardhini, aandike mahali, tarehe, saa kama inakumbukwa, na kama ilikuwa maji ya mvua, ya mto au ya bahari. Mwenye simu achukue na nukta ya ramani. Wanafunzi walioathirika sana wasilazimishwe kusimulia. Wape wao kazi ya kuchora ramani. Mkishakusanya alama thelathini au arobaini, chukueni manila na muandae jedwali lenye safu zilezile: mahali, saa, kipimo, chanzo. Nitumie nakala, nitafurahi kulitazama pamoja nawe na kukuonyesha jinsi ya kulipandisha kwenye ramani ya mtandaoni ambayo shule nyingine za Lindi na Mafia zinaweza kuongezea za kwao.